Namba 02 ni Arusha au Dar es Salaam? Misimbo ya pamoja na programu huria za ramani

Mwenzangu mmoja wa kazi aliniletea ramani ya malambo ya kunyweshea mifugo, mkoa kwa mkoa. Aliitengeneza kwa QGIS, programu huria ya kuchora ramani, rangi zimepangwa vizuri, ufunguo wa ramani umekaa mahali pake. Tatizo lilikuwa moja: rangi nzito, ile ya malambo mengi, ilikuwa imeifunika Dar es Salaam. Nilimwuliza kama ameihakiki. Akasema kompyuta haikutoa kosa lolote, jedwali na ramani vimeungana bila shida.

Ni kweli, havikuleta shida, na hapo ndipo penye hatari. Ramani yake ilitumia misimbo ya mikoa, yaani namba za kuitambulisha, ya ISO 3166-2, orodha ya kimataifa, ambako 01 ni Arusha, 02 ni Dar es Salaam na 03 ni Dodoma. Jedwali lake lilitumia misimbo ya sensa, ile ya Ofisi ya Taifa ya Takwimu, ambako 01 ni Dodoma, 02 ni Arusha na 03 ni Kilimanjaro. Malambo ya Wamaasai wa Longido na Monduli yakahamia Dar es Salaam. Ya Dodoma yakaenda Arusha. Takwimu za Kilimanjaro zikatua Dodoma.

Siku hiyo tulikaa na orodha zote mbili mezani tukazipitia mstari kwa mstari. Hakuna mkoa hata mmoja ambao namba yake ni ileile kwenye orodha zote mbili. Hata mmoja! Maana yake ramani nzima ilikuwa na makosa, na kosa la Dar es Salaam lilionekana tu kwa kuwa kila mtu anajua si mji wa wafugaji. Mtwara ilikuwa imebeba takwimu za Shinyanga, na Tanga imebeba za Geita, lakini nani angeshtuka kwa kuangalia rangi?

Kulikuwa na mtego mwingine uliofichika zaidi. Kwenye ramani ile mikoa mitano ilibaki nyeupe, bila data: Geita, Katavi, Njombe, Simiyu na Songwe. Mwenzangu alikuwa ameshajipa jibu, kwamba hiyo ni mikoa mipya na huenda takwimu zake hazijakusanywa. Jibu linaingia akilini kabisa, ila si sahihi. Takwimu zilikuwepo. Orodha ya ISO inaipa mikoa hiyo namba 27 hadi 31, na namba hizo hazipo kwenye misimbo ya sensa, kwa sababu sensa inahesabu Tanzania Bara 01 hadi 26, kisha inaruka hadi 51 hadi 55 kwa mikoa mitano ya Zanzibar.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu watu wengi wakisikia habari za misimbo wanadhani ni kazi ya watu wa kompyuta. Si hivyo. Msimbo ni makubaliano kati ya ofisi na ofisi. Afisa maji, afisa mifugo, mganga mkuu wa wilaya na mtu wa mipango miji wanapozungumzia eneo moja, lazima wote walitaje kwa namna ambayo mashine haiwezi kukosea. Jina peke yake halitoshi. Kuna Kibaha mji na Kibaha wilaya. Mkoa wa Pwani kwenye nyaraka nyingine umeandikwa kwa Kiingereza, na Mjini Magharibi una majina matatu manne kutegemea nani aliandika. Dar es Salaam huandikwa kwa vistari, bila vistari, au DSM tu. Ndiyo maana tukaja na namba. Lakini namba nayo, bila kutaja imetoka orodha gani, haina maana. Arusha hiyohiyo ni 01 kwa ISO, 02 kwa sensa, na postikodi zake zinaanza na 23. Majirani zetu wa Kenya wana jambo kama hilo: kaunti namba 1 kwa mpangilio wa Katiba ni Mombasa, lakini KE-01 ya ISO ni Baringo, kwa kuwa ISO waliipanga kwa alfabeti.

Kwa hiyo jambo la kwanza ninalowaomba wenzangu wa halmashauri na taasisi ni dogo, halihitaji fedha wala seva. Usiite safu ya jedwali lako "msimbo". Iite "mkoa_sensa" au "mkoa_iso". Mtu wa ofisi nyingine akilifungua faili lako miaka mitano baadaye, ajue anashika nini.

La pili linahusu sifuri ya mbele, na hili limenipotezea saa nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Ukifungua faili la CSV, yaani jedwali lililohifadhiwa kama maandishi matupu, kwa Excel, 02 inageuka 2. Ukihifadhi, sifuri imekwenda. Ukirudi QGIS, ramani ina "02" ambayo ni maandishi, jedwali lina 2 ambayo ni namba, na viwili hivyo haviungani. Wengi hutatua kwa kugeuza vyote kuwa namba. Msifanye hivyo. Msimbo haujumlishwi wala haugawanywi, kwa hiyo ni maandishi hata kama umeandikwa kwa tarakimu. QGIS inapopakia CSV ina kisanduku cha kuiruhusu ikisie aina ya kila safu. Ondoa tiki hapo na kila kitu kitasomwa kama maandishi. Au weka pembeni faili dogo lenye jina lilelile linaloishia .csvt, lenye mstari mmoja unaotaja aina ya kila safu. Faili hilo ni la herufi chache tu na linaokoa ramani nzima.

Sasa tuje kwenye kutunza orodha yenyewe. Angalieni tena namba za ISO za mikoa yetu, zina historia ndani yake. Kuanzia 01 Arusha hadi 25 Tanga zimefuata alfabeti sawasawa. Halafu inakuja 26 Manyara, mkoa uliozaliwa 2002 kutoka Arusha. Kisha 27 Geita, 28 Katavi, 29 Njombe na 30 Simiyu, ile minne ya 2012, nayo kwa alfabeti yake. Mwisho 31 Songwe, uliokatwa kutoka Mbeya 2016. Waliotunza orodha hawakuupangua mfululizo ili Geita ikae baada ya Dodoma. Mkoa mpya ulipata namba mpya mkiani, na zile za zamani hazikuguswa. Ndivyo inavyotakiwa, maana ukibadilisha namba ya mkoa mmoja umeharibu kila faili lililowahi kuandikwa.

Hata hivyo kuna jambo ambalo namba peke yake haiwezi kulisema. Mbeya ya sensa ya 2012 ni 12, na Mbeya ya sensa ya 2022 ni 12. Lakini ya kwanza ilikuwa na Mbozi, Ileje na Momba ndani yake, na ya pili haina. Anayelinganisha watu wa Mbeya kati ya miaka hiyo bila kujumlisha Songwe atasema watu wamepungua. Kwa hiyo orodha nzuri ya misimbo haina safu mbili tu za namba na jina. Inahitaji tarehe ya kuanza, tarehe ya kuisha, mkoa umetoka wapi, na hali yake leo. Mstari wa zamani haufutwi. Unaandikiwa kwamba umekoma, na unaelekezwa kwa mrithi wake.

Kwa ofisi ya wilaya, orodha kama hiyo inakaa vizuri kwenye faili moja la GeoPackage. Jedwali la misimbo linaishi humo humo na ramani, halipotei kwenye barua pepe. Kisha ndani ya QGIS, kwenye fomu ya kuingizia data, unaifunga safu ya kata kwenye jedwali hilo ili mkusanyaji achague kutoka menyu badala ya kuandika. Anaona "Mto wa Mbu", na kinachohifadhiwa ni msimbo. Hawezi kuandika Mtowambu. Ukishakuwa na watumiaji wengi kwa pamoja, hamia hifadhidata ya PostgreSQL yenye kiongezo chake cha ramani, PostGIS, ambako unaweza kuiambia hifadhidata yenyewe ikatae msimbo wowote usiokuwemo kwenye orodha kuu. Ukatili huo wa mashine ni msaada mkubwa. Kosa linakamatwa pale linapoingia, wakati aliyelifanya bado yupo na anakumbuka alikuwa wapi.

Ngazi ya taifa, au ya sekta nzima, inadai zaidi. Umoja wa Ulaya ulikutana na tatizo hili ulipopitisha agizo la INSPIRE mwaka 2007, lililozitaka nchi wanachama kuoanisha data zao za kijiografia. Nchi nyingi, lugha nyingi, kila moja ina namna yake ya kuita aina za udongo, barabara na hifadhi. Kituo chao cha utafiti cha JRC kilitengeneza programu huria iitwayo Re3gistry kwa ajili ya kutunza orodha hizo, na yeyote anaweza kuichukua na kuitumia. Kinachonivutia ni mpangilio wa kazi uliomo ndani, ambao umefuata ISO 19135, kiwango cha kimataifa cha kutunza orodha za namna hii. Yupo anayependekeza msimbo mpya, yupo anayeamua, na yupo anayeingiza na kuchapisha. Kila msimbo unapewa anwani ya kudumu ya intaneti, ukiifungua unakuta maana yake kwa lugha kadhaa, na hali yake: halali, umerithiwa na mwingine, au umestaafu. Kuiendesha kunahitaji seva na mtu wa kuitunza kila siku, kwa hiyo sitamshauri afisa wa halmashauri moja aanze nayo. Lakini wizara au wakala wa taifa wanaweza kuimudu.

Mfano ulio karibu zaidi tayari umo kwenye kompyuta yako. Kila ukichagua mfumo wa majira ya nukta ndani ya QGIS, unatumia orodha ya EPSG, yenye misimbo ya mifumo hiyo, iliyoanzishwa na wapima ardhi wa kampuni za mafuta za Ulaya miaka ya 1980 na sasa inatunzwa na jumuiya yao, IOGP. Nakala yake iko kwenye faili la proj.db linalokuja na programu. Ramani nyingi za zamani za Tanzania na Kenya zimechorwa kwa mfumo wa Arc 1960. Kwa ukanda wa 37 kusini, mmoja wa kanda ambazo dunia imegawanywa kwa ajili ya vipimo, msimbo wake ni 21037, na wa WGS 84 unaotumiwa na GPS ni 32737. Ukivichanganya hivyo viwili, kisima kinasogea kama mita 300, kinaweza kuangukia upande wa pili wa mto au kwenye shamba la mtu mwingine. Na orodha hii haifuti kitu. Msimbo ulioonekana una kosa unawekewa alama ya kutotumika tena na kubaki palepale, ili aliyeutumia zamani aweze kuusoma.

Nimezungumzia namba muda mrefu. Maneno yana ugumu wake, na kwa maoni yangu ndiyo yanaumiza zaidi, kwa sababu kila mtu anadhani anayajua. Chukua neno "kinafanya kazi" kwa kituo cha maji. Nimekaa kwenye mafunzo na wasimamizi wa maji vijijini, tukaonyeshwa picha ya kilula, yaani kituo cha kuchotea maji, chenye koki moja inayotoa maji na mbili zilizovunjika. Nusu ya chumba waliandika kinafanya kazi. Nusu waliandika hakifanyi. Mama mmoja wa kamati ya maji akauliza: "Na kile cha kwetu kinachotoa maji masika tu, kiangazi kikavu, nikiandikeje?" Hakuna aliyekuwa na jibu, kwa kuwa orodha ilikuwa na maneno mawili tu na hakuna aliyeyaandikia maana. Takwimu zilizotoka kwenye fomu kama hizo ndizo hutumika kupanga bajeti ya ukarabati.

Kwa hiyo kila neno la orodha linahitaji maelezo yake, ya sentensi moja au mbili, yaliyojaribiwa na watu wa uwanjani kabla ya kupitishwa. GeoNetwork, programu huria ya kuorodhesha data za ramani iliyoanzia FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, mwaka 2001, inaweza kutunza orodha hizi katika muundo wa SKOS na kuziweka mbele ya kila anayeandika maelezo ya data. Katika muundo huo kinachopewa namba ni dhana, halafu maneno ya lugha mbalimbali yanawekwa chini yake. FAO wenyewe wana AGROVOC, orodha kubwa ya istilahi za kilimo iliyojengwa hivyo, na Kiswahili nacho kimo. Faida yake kwetu ni kubwa: mkusanyaji wa Longido anachagua lambo, mchambuzi wa nchi nyingine anasoma kwa lugha yake, na wote wameshika kitu kimoja. Hatulazimiki kuandika fomu zetu kwa Kiingereza ili data zetu zieleweke.

Yule mama nilimjibu wiki mbili baadaye, baada ya kukaa na wahandisi. Orodha yetu sasa ina neno la tatu, "cha msimu", pamoja na maelezo kwamba ni kituo kinachokosa maji walau mwezi mmoja kila mwaka kwa sababu chanzo kimekauka, si kwa sababu ya kuharibika. Lina msimbo wake mkiani mwa orodha, tarehe ya kuanza kutumika, na cheo cha aliyelipitisha. Vile vituo vilivyoandikwa kabla ya tarehe hiyo hatukuvigeuza kutoka mezani. Vinasubiri mtu aende akavione kiangazi hiki.