Hozi ya breki ni nini, na kwa nini ya gari la zamani inaonekana nzima kumbe ndani imeshakufa

Watu wengi ukiwatajia breki wanawaza pedi, disku, labda masta silinda. Hozi haiwaziwi na mtu mpaka ipasuke, na mimi naona ni hatari sana, hasa kama gari yako ina miaka 20 na bado inatembelea hozi zilezile ilizotoka nazo kiwandani.

Kazi yake ni hivi. Ukikanyaga pedali, masta silinda inasukuma mafuta ya breki kwenye vipaipu vyembamba vya chuma vilivyofungwa kwenye bodi. Sasa bodi imetulia lakini gurudumu linapanda na kushuka kila shimo, na ya mbele yanageuka pia kulia kushoto, chuma ukikikunja hivo kila siku kitakatika tu. Ndo maana kipande cha mwisho kabla ya kufika kwenye kalipa (kile kifaa kinachobana pedi kwenye disku) au silinda ya gurudumu kinakuwa cha mpira, na hicho ndo tunakiita hozi. Gari nyingi za zamani zenye ekseli moja nzima nyuma zina hozi tatu: mbili za mbele, na moja ya nyuma inayoshuka toka kwenye bodi mpaka kwenye ekseli, ikifika pale mafuta yanagawanywa kulia na kushoto kwa vipaipu vya chuma. Watu wanabadilisha za mbele wanaisahau hiyo ya nyuma kwa sababu imejificha huko chini na imejaa matope.

Usiione nyeusi ukadhani ni mpira mtupu kama ule wa kumwagilia bustani. Ndani kuna kijibomba cha mpira usiodhurika na mafuta ya breki, juu yake nyuzi zilizosukwa ambazo ndizo zinabeba presha, mara nyingi tabaka mbili, halafu nje mpira wa kukinga maji, jua na mawe. Tundu lenyewe ni dogo, kama milimita 3 tu. Na ni kitu imara kweli, kanuni ya Marekani inayoitwa FMVSS 106 inataka hozi yenye tundu la inchi 1/8 isipasuke chini ya psi 7,000, na mguu wako hata ukikanyaga kwa hofu haufiki huko. Kwa hiyo hozi mpya nzuri haina shida na presha, kinachoiua ni umri, joto, na mafuta yasiyo yake. Tone la mafuta ya injini au grisi likikaa kwenye ule mpira linauvimbisha, ndo maana hozi haisafishwi kwa petroli.

Hapa sasa ndo penyewe. Hozi mara nyingi inaanza kufa kutokea ndani. Mpira wa ndani unavimba, unaachana na nyuzi, saa ingine kipande kinachanika na kubaki kinaning'inia kwenye njia ya mafuta. Ukikanyaga breki, presha ya mguu ni kubwa inapenya hapohapo bila shida, ukiachia ile nguvu ya kurudisha mafuta ni ndogo mno, hayarudi, breki inabaki imeshika. Unaendesha gari inakuwa nzito, rimu moja inachemka kuliko nyingine, unasikia harufu ya kuungua, pedi za upande mmoja zinaisha haraka. Fundi anakwambia kalipa imekwama, unanunua kalipa, wiki mbili tatu shida inarudi vilevile. Inauma kwa sababu hozi ni spea ndogo sana ukilinganisha na kalipa, na nje ilikuwa inang'aa haina hata mpasuko!

Kuipima sio kazi. Inua gari, weka stendi, kanyaga pedali uachie, kisha zungusha lile gurudumu. Likiwa limeshika, legeza nipo ya kutolea upepo kwenye kalipa. Lisipoachia hapo, basi kweli kalipa au pini zake ndo zimekwama. Likiachia ujue kulikuwa na presha imefungiwa, swali ni imefungiwa wapi. Funga nipo, kanyaga tena mpaka lishike, halafu safari hii legeza nati pale paipu ya chuma inapokutana na hozi kwa juu. Gurudumu likiachia, tatizo liko juu zaidi, kwenye masta silinda au hata pedali isiyorudi mpaka mwisho. Likigoma kuachia hapo juu, ila ukigusa nipo linaachia, hozi ndo mwizi wako.

Kuna na dalili za nje: nyufa ukiikunja, unyevu kwenye maungio, sehemu iliyosuguliwa na tairi. Mwambie mtu akanyage pedali wewe uko chini unaangalia, ukiona hozi inatuna mahali hiyo gari haitoki hapo. Angalia pia kile kibati cha chuma kinachoishika hozi katikati, kikipata kutu ile kutu inajaa ndani ya kibati na kuibana hozi pole pole mpaka njia inakuwa finyu.

Kuchagua mpya, peleka ya zamani mkononi ulinganishe. Urefu kwanza: fupi itavutika gurudumu likining'inia, ndefu itagusa tairi, na kama gari ilishawahi kuongezwa kimo usichukue ya urefu wa kiwandani bila kupima. Halafu nyuzi za bolti, hapa watu wanaumia. Gari za zamani za Kiingereza na za Kimarekani nyingi zinatumia 3/8 UNF yenye nyuzi 24 kwa inchi, za Kijapani na za Ulaya bara nyingi ni M10 yenye hatua (umbali kati ya uzi na uzi) ya milimita 1. Kwa macho zinafanana kabisa, lakini 3/8 ni milimita 9.5, ukiiingiza kwenye tundu la M10 itaingia, itaanza kukaza, kumbe imeshika kwa ncha tu za nyuzi, siku ya kukanyaga kwa nguvu inachomoka. Angalia na umbo la mdomo wa paipu, kuna uliokunjwa mara mbili na kuna wa kibonge, havibadilishani.

Soma maandishi kwenye hozi yenyewe. Zinazofuata ile kanuni zina herufi DOT, alama ya mtengenezaji na tarehe ya kutengenezwa, na mimi hiyo tarehe naiheshimu sana kwa sababu mpira unazeeka hata ukiwa umekaa tu kwenye rafu. Ile mistari inayoonekana kwa urefu sio pambo pia, ukishafunga ukaona mstari unajizungusha ujue umeisokota hozi, legeza uanze upya. Zile za kusukwa kwa nyaya za chuma zinafanya pedali iwe ngumu kidogo na nzuri, ila zinakwaruza chochote zinachogusa na kilichomo ndani hukioni, kwa gari ya kutembelea tu mpira mzuri unatosha.

Kufungua, adui ni kutu. Pulizia mafuta ya kulainisha siku moja kabla kwenye nati tu, futa yaliyofika kwenye mpira, tumia spana ya nati za paipu inayokumbatia nati karibu yote, na shika mwisho wa hozi kwa spana ya pili, la sivyo utasokota paipu ya chuma na kazi itakuwa mara mbili. Kalipa usiiache ining'inie kwa hozi, ifunge kwa waya. Zile washa (ringi bapa) za shaba kwenye bolti ya banjo, ile yenye tundu ndani inayopitisha mafuta toka hozi kwenda kalipa, weka mpya kila mara, moja kila upande. Badilisha jozi, kulia na kushoto pamoja.

Kisha utoe upepo, kawaida kuanzia gurudumu la mbali na masta silinda, ila gari zingine zina mpangilio wake. Kwenye mafuta ya breki, DOT 3 na DOT 4 ni familia moja, DOT 5 ni ya silikoni usiichanganye nazo. Kwenye masta silinda ya zamani usikanyage pedali mpaka chini kabisa, huko kuna kutu mpira wake haujawahi kufika na utauchana, weka kipande cha mbao chini ya pedali. Mafuta yakidondoka kwenye rangi mwagia maji mengi hapohapo.

Mwisho geuza stelingi mpaka mwisho kulia na kushoto, gari ikiwa imening'inia na ikiwa imekaa chini, hozi isiguse kitu. Kesho yake pitia maungio yote kwa tishu kavu. Ukikuta unyevu kwenye banjo usiongeze tu nguvu ya spana, fungua, safisha uso wake, weka washa zingine.