Kulanti ya lori ya dizeli: acheni kuangalia rangi

Wiki haiishi bila dereva kunijia na chupa ya kulanti, ile dawa ya kutia kwa maji ya rejeta, ameiinua juani anaigeuzageuza, ati fundi hii ni kijani na iliyoko kwa gari ni kijani, hakuna neno, ongeza tu. Mwengine naye anakuja mbio na hofu, tanboi wake ametia nyekundu juu ya kijani na kaambiwa injini inakufa hapo hapo. Wote wawili wameshikilia rangi, na rangi haina lake hapa. Nimeona niandike mara moja tu manake kuelezea huku mikono imejaa grisi nshachoka.

Dhana: rangi moja, kulanti moja

Hii ndo inayonipandisha presha. Rangi kampuni inatia ili uione ikivuja na ili chupa ipendeze dukani, basi. Hakuna sheria ya dunia nzima inayosema kijani ni aina hii na nyekundu ni aina ile. Kijani ya kampuni moja ni ile ya kizamani yenye silikati kama dawa ya kutu, ya miaka miwili hivi, kijani ya kampuni nyengine ni OAT (dawa yake ya kutu ni asidi za kioganiki) ya kukaa miaka mitano. Za Kijapani ndo usiseme, utapata kijani, nyekundu, pinki, buluu, na ndani hazipishani sana.

Skiza basi kilichomo. Karibu zote ni glaikoli, kile kimiminika cha msingi kinachochanganywa na maji, na glaikoli kwa glaikoli hazigombani. Kinachotofautiana ni dawa za kuzuia kutu zilizotiwa ndani. Silikati inapaka chuma haraka na inaisha haraka. OAT inafanya kazi taratibu, pale panapoanza kuliwa tu, ndo maana inadumu. Waulaya wengi hawataki fosfati kwa sababu fosfati ikikutana na maji magumu inaganda na kuwa ukoko. Wajapani wao wanaipenda fosfati na silikati hawaitaki, wanaogopea sili ya wota pampu. Sasa chukua lori ya Kijapani yenye fosfati, ongeza lita kadhaa za kulanti ya Ulaya yenye silikati kwa sababu eti zote kijani, halafu malizia na maji ya kisima hapa Malindi, ushavunja kila sheria iliyokuwepo na rangi bado inang'ara vizuri tu.

Na hapo pia niseme, injini hailipuki. Mara nyingi hutaona chochote siku hiyo wala mwezi huo, na hilo ndo baya lake, manake dereva anarudi ananicheka mbona fundi ulinitisha. Kinachotokea ni kwamba dawa zinapunguzana nguvu. Kampuni nyingi za kulanti ya maisha marefu zinavumilia ichanganyike na nyengine kiasi cha asilimia 10, baadhi hadi 25, ukipita hapo ile ya miaka mitano ihesabu ni ya miwili. Mara nyengine silikati inajitoa kwenye maji inakuwa utelezi mzito, unakaa chini ya rejeta, kwa mirija ya hita na ndani ya kipoza oili, hapo sasa gari inaanza kuchemsha kwa mlima mdogo tu na kila mtu anakimbilia kusema gasketi ya hedi.

Lakini kwa dizeli kubwa silii na rejeta, nalilia slivu, ile bomba ya chuma ambayo pistoni inapanda na kushuka ndani yake. Injini nyingi za trela, slivu inaguswa na maji moja kwa moja kwa nje. Pistoni inapopiga, slivu inatetemeka, pale pembeni yake maji yanatoa vipovu vidogo sana na vipovu vinapasuka kwa nguvu juu ya chuma, tena na tena, mamilioni ya mara. Kulanti ya dizeli ina dawa ya kukinga hapo, ama nitraiti ama asidi za OAT zenyewe. Ukichanganya nusu kwa nusu nitraiti haifiki kiwango chake na OAT haifiki chake, slivu inabaki uchi. Nikiivua slivu kama hiyo nje naikuta upande mmoja umebunguliwa kama mbao yenye dumuzi, vitundu vya ncha ya sindano, vimejipanga kwa mstari kutoka juu kwenda chini upande ule pistoni inaposukumia, na upande mwengine laini kabisa kama mpya. Kitundu kimoja kikitoboka hadi ndani, maji yashaingia kwa silinda ama kwa oili. Hiyo ni injini ya kushusha, ndugu yangu, na pesa ya kushusha injini ya trela unaijua.

Kwa hivyo geuza chupa usome nyuma. Ikiandikwa ASTM D3306 (hizi ni namba za viwango vya ubora) peke yake hiyo ni ya gari ndogo, mpelekee shemeji kwa Probox yake. Ya dizeli nzito tafuta D6210, ama jina la idhini ya wenye injini kama kitabu cha gari kinavyotaka. JIS K 2234 ni ya Kijapani. Chupa isiyo na chochote nyuma ila picha ya trela inayopaa, iache dukani.

Ushachanganya? Usilie. Subiri injini ipoe, fungua chini ya rejeta na ile plagi ya bloku (ya bloku wengi hawaigusi, na maji mengi yako huko), tia maji safi, fungulia hita, washa mpaka themostati (vali inayoachia maji yaende rejeta yakipata moto) ifunguke, zima, ipoe, mwaga, rudia mpaka yatoke meupe. Na hapa mafundi wenzangu ndo wanaharibu, baada ya kuosha maji yanabaki ndani ya bloku, ukimimina ile iliyochanganywa tayari unapata kulanti hafifu. Kama mfumo ni wa lita 30 tia lita 15 za ile kali isiyochanganywa na maji kwanza, halafu ndo ujaze maji.

Dhana: iliyoandikwa inakubali zote inakubali zote

Inakubali maana yake haitaganda. Haina maana maisha ya ile ya zamani yanabaki vile vile. Ya kukutoa njiani, sawa. Ya kujaza na kusahau, hapana.

Dhana: Malindi hakuna theluji, maji yatosha

Hakuna aliyesema ni ya theluji peke yake. Maji matupu hapa pwani yanachemka kwa digrii 100, nusu kwa nusu na glaikoli inafika kama 107, na kifuniko cha rejeta kikiwa kizima kinachoshika presha inapita 120. Halafu kutu, maji matupu hayana dawa hata tone. Na maji gani hasa? Mji wetu umekaa juu ya mwamba wa matumbawe, kisima chochote ni chokaa, tena vya karibu na bahari vina chumvi, na chumvi inakula alumini ya hedi kimya kimya. Chungulia ndani ya birika lako la chai uone ule ukoko mweupe, huo huo ndo unaopakwa kwa slivu, na ukoko haupitishi joto. Lori za kubeba chumvi Gongoni na Marereni ndo zinaniumiza roho, rejeta inaliwa nje kwa mzigo na ndani kwa maji. Nunua maji ya betri yaliyosafishwa (sio asidi, tafadhali, nasema kwa sababu nimeshaulizwa). Ya mvua yafaa pia lakini acha mvua ya kwanza ioshe mabati, manake mabati ya karibu na bahari yana chumvi juu.

Na kinyume chake, wale wanaotia ile kali tupu wakidhani ndo nguvu, glaikoli peke yake inabeba joto kidogo kuliko maji. Nusu kwa nusu, basi.

Ukikwama njia ya Garsen na kulanti inavuja, tia maji yoyote safi uliyonayo ufike, ni afadhali kuliko kuokota chupa usiyoijua kwa kioski. Ila ingoje ipoe kwanza, maji baridi kwa injini ya moto yanapasua hedi. Ukifika uoshe.

Dhana: toa themostati gari ipoe

Ee Mola. Themostati nyingi za dizeli zinafunguka kwenye 82 hivi, na injini imeundwa ifanye kazi kwenye joto hilo. Ukiitoa inafanya kazi baridi, dizeli haiungui vizuri, oili inachafuka, slivu zinalika. Tena kwa injini nyingi kubwa themostati ikifunguka ndo inaziba ile njia ya mkato, ukiitoa maji yanazunguka mkato bila kupitia rejeta na gari inachemsha zaidi kuliko mwanzo. Waliokutolea walikuponya homa kwa kuvunja kipimajoto.

Bizari na pilipili manga za kuziba rejeta peleka jikoni.

Dhana: onja, ikiwa tamu ni kulanti

Ni tamu kweli, na glaikoli ni sumu inayoua figo. Vidole usilambe, tone chini ya gari lipanguse na tambara jeupe utaona rangi na utaskia utelezi. Ile uliyomwaga usiiache kwa beseni uani, mbuzi na paka wanaifuata kwa utamu wake, wala usiihifadhi kwa chupa ya soda hata kama umeandika juu, mtoto hasomi. Mie nina mtungi wenye kifuniko cha kukaza pale nyuma ya gereji, lete yako tutie humo.