Nani Alimuua Nerevar? Kusoma Visasili vya Morrowind kama Ushahidi

Swali ninaloulizwa zaidi na wachezaji wa The Elder Scrolls, mfululizo wa gemu za kampuni ya Bethesda, ni hili: "Sasa ukweli ni upi?" Mtu amesoma vitabu vitatu ndani ya gemu ileile, kila kimoja kinakanusha vingine, naye anataka apewe ukurasa mmoja wenye muhuri. Simpi. Vitabu hivyo havikuandikwa ili vijumlishwe. Vinasimama kama mashahidi kizimbani, kila mmoja na lake moyoni, na kazi ya msomaji ni kuwahoji.

Tuanze na kifo cha Nerevar, ambacho gemu nzima ya Morrowind (2002) imejengwa juu yake. Nerevar alikuwa jemadari wa watu waitwao Wachimer katika vita vya mlima wa Red Mountain dhidi ya taifa jingine, Wadwemer. Vita vikaisha, Wadwemer wakatoweka wote kwa mpigo, Nerevar akafa, na washauri wake watatu, Vivec, Almalexia na Sotha Sil, wakaja kuwa miungu. Mpaka hapo ubishi ni mdogo. Ubishi ni kwamba alikufaje, na nani alikuwa karibu naye.

Hekalu la Tribunal, yaani dini inayowaabudu hao watatu, linafundisha kwamba majeraha ya vitani ndiyo yaliyomuua. Vivec naye, katika maelezo yake marefu ya vita hivyo, anasema vivyo hivyo. Lakini anaongeza jambo ambalo hakulazimika kulisema: kwamba wote walikula kiapo mbele ya Azura, mungu wa kike, kutozigusa zana za Kagrenac, fundi wa Wadwemer, na kwamba baada ya Nerevar kufa, Sotha Sil aliwashawishi wenzake, wakakivunja kiapo hicho ili wapate uungu. Hapo ndipo ninapomwamini Vivec. Mtu akisema jambo linalomchafua mwenyewe, lina uzito kuliko kurasa kumi za kujisafisha.

Upande wa pili kuna simulizi ya Alandro Sul, aliyekuwa mwandani wa Nerevar vitani. Imehifadhiwa na Waashlander, watu wa kuhamahama wasiolitambua Hekalu. Humo Nerevar anataka kumwita Azura kwa tambiko ili apate ushauri, na washauri wake wanalitia tambiko sumu: Almalexia mishumaa, Sotha Sil mavazi, Vivec maneno ya dua. Azura anatokea hata hivyo, anawalaani, na ngozi ya Wachimer inageuka rangi ya majivu.

Wachezaji wengi huiamini hii mara moja kwa sababu ina vitu vya kushikika. Mimi hivyo vitu ndivyo vinavyonitia shaka. Wauaji watatu, sumu tatu, kila mmoja na yake: yeyote aliyesoma fasihi simulizi anaitambua tatu hiyo. Ni mpangilio wa msimulizi anayetaka hadhira ikumbuke, na hadhira yenyewe ilikuwa na kila sababu ya kulichukia Hekalu. Hilo halimfanyi Sul mwongo. Linaonyesha tu kwamba kumbukumbu yake imepita midomo mingi kabla ya kufika kwenye karatasi.

Sasa njoo kwenye mahubiri 36 ya Vivec, maandishi ninayoyapenda kuliko yote katika gemu hii, na yanayonichosha kuliko yote pia. Kwa juu ni kisasili kilichojaa maajabu ambacho Vivec anajitungia mwenyewe. Lakini hubiri la 29 lina orodha ya namba, na ukizitumia kuchota neno moja kutoka kila hubiri unapata ungamo: kwamba hakuzaliwa mungu, kwamba alichagua njia hii kwa hiari yake, na kwamba alimuua Hortator, yaani Nerevar. Kisha herufi za kwanza za aya za hubiri la 36 zinataja mauaji.

Je, kesi imekwisha? Bado. Ukimuuliza Vivec ana kwa ana, anakana. Kwa hiyo tuna mtu mmoja anayekana hadharani na kuungama kwa mafumbo, tena ndani ya kitabu ambacho Nerevar mwenyewe ni mwanafunzi wake. Nasoma ungamo hilo kama barua kwa Nerevar atakayezaliwa upya, ambaye ndiye mchezaji, si kwa waumini. Kwa hiyo naamini Vivec aliua. Habari ya mishumaa siiamini.

Ubishi wa nje ya gemu ni mwepesi zaidi, ingawa ndio wenye kelele. Michael Kirkbride, aliyeyaandika mahubiri hayo, aliacha kuajiriwa na Bethesda lakini akaendelea kuandika mtandaoni kuhusu ulimwengu huu. Wapo wanaoyachukua maandishi hayo kama kanoni, yaani sehemu halali ya hadithi, wapo wanaoyatupa. Mimi nayasoma kama ufafanuzi wa mtu anayeijua nyumba vizuri. Hayawezi kufuta ninachokiona ndani ya gemu.

Na kinachoonekana nacho kina vituko vyake. Mwongozo uliotoka mwaka 1998 pamoja na gemu ya Redguard uliieleza Cyrodiil kama nchi ya misitu mizito ya joto. Gemu ya Oblivion ilipokuja mwaka 2006, tukakuta mbuga na misitu ya kawaida. Katika Skyrim (2011), mhubiri Heimskr anapiga kelele pale Whiterun kwamba Talos, mfalme mkuu aliyekuja kuabudiwa kama mungu, aliibadilisha nchi kwa pumzi yake kwa ajili ya askari wake. Halafu The Elder Scrolls Online (2014), ambayo matukio yake ni zaidi ya karne mbili kabla ya Talos, inatuonyesha Cyrodiil ileile isiyo na msitu huo, pamoja na kitabu kinachodai kwamba yote yalitokana na kosa la mnakili. Watengenezaji walibadili mawazo, basi. Nampenda Heimskr, lakini ushahidi wa macho unamwangusha.

Hapo wengine hukimbilia Dragon Break, yaani wakati kuvunjika. Gemu ya Daggerfall (1996) ilikuwa na miisho kadhaa, na waandishi waliofuata wakaamua kwamba yote ilitokea kwa pamoja. Kwa tukio lile ni suluhisho la kijanja. Kulifanya dawa ya kila mkanganyiko ni uvivu, na ndani ya gemu yupo msomi, Fal Droon, anayedai kwamba Dragon Break kubwa kuliko zote ilikuwa tu makosa ya kuhesabu miaka. Sijui kama waandishi walimkusudia awe mzaha, ila hoja zake huwa nazisoma kwa makini.

Kuhusu kutoweka kwa Wadwemer, yupo mmoja tu aliye hai wa kuulizwa: Yagrum Bagarn, mgonjwa wa maradhi ya corprus aliyewekwa chini ya mnara wa Tel Fyr. Ukimfikia atakwambia kwamba siku ile alikuwa katika ulimwengu mwingine, na aliporudi hakukuta mtu. Ana makisio kuhusu Kagrenac, na anayaita makisio. Kati ya mashahidi wote wa Red Mountain, ndiye pekee ambaye sijapata sababu ya kumtilia shaka.