Uraia kwa mlango wa dini: sheria ya India ya 2019 inasema nini hasa

Kwa Kiswahili, herufi moja tu ndiyo inayomtenga Mhindi na Mhindu. Mhindi ni mtu wa India au mwenye asili ya huko, awe ni wa msikitini, wa kanisani au wa hekaluni. Mhindu ni mfuasi wa dini ya Kihindu, yule ambaye wazee wa pwani walizoea kumwita Baniani. Bohora mwenye duka la vyombo Mombasa ni Mhindi, na ni Mwislamu. Mitaani tunayachanganya maneno haya kila siku na hakuna anayeumia. Huko India kwenyewe uhusiano wa maneno haya mawili umefikishwa mahakamani, umejaza watu barabarani na umemwaga damu, kwa sababu ya sheria fupi iliyopitishwa Desemba 2019: Sheria ya Marekebisho ya Uraia, maarufu kwa herufi zake za CAA.

Wengi wetu tuliisikia kwa vichwa vya habari tu. Kuna aliyeambiwa ni sheria ya kuwafukuza Waislamu, na kuna aliyeambiwa ni sheria ya kuwaokoa wakimbizi wa dini. Ukiisoma, hukuti kifungu cha kumfukuza mtu, na neno mkimbizi pia hulikuti. Kwa hiyo tuanze na kilichoandikwa.

Sheria mama ya uraia wa India ni ya 1955. Mtu huwa raia kwa kuzaliwa, kwa nasaba, kwa kuandikishwa, au kwa tajnisi, yaani mgeni akikaa miaka inayotakiwa kisha akaomba. Zamani kuzaliwa kulitosha: ukizaliwa kwenye ardhi ya India, wewe ni raia. Kuanzia Julai 1987 ikatakiwa mzazi mmoja awe raia. Halafu marekebisho ya 2003 yakaingiza kiumbe kipya kwenye sheria, mhamiaji haramu: mgeni aliyeingia bila hati halali, au aliyeingia nazo muda ukamwishia asiondoke. Huyo akafungiwa milango yote miwili, wa kuandikishwa na wa tajnisi, hata akikaa miaka arobaini. Na mtoto aliyezaliwa India tangu Desemba 2004 hawi raia kwa kuzaliwa ikiwa mzazi wake mmoja ni mhamiaji haramu, hata kama mzazi wa pili ni raia kamili.

Hapo ndipo penye fundo. Sheria ya 2019 haikuwapa uraia watu fulani moja kwa moja. Ilichofanya ni kuongeza "isipokuwa" kwenye maana ya mhamiaji haramu. Mtu wa jamii ya Kihindu, Kalasinga, Buddha, Jaini, Parsi au Mkristo, kutoka Afghanistan, Bangladesh au Pakistan, aliyeingia India hadi tarehe 31 Desemba 2014 na kusamehewa makosa ya pasipoti, huyo hahesabiwi kuwa mhamiaji haramu. Lile jina likimtoka, mlango wa uraia unamfungukia. Juu ya hapo akapunguziwa muda: pale ambapo mgeni wa kawaida anatakiwa awe na jumla ya miaka 11 ya kuishi nchini, pamoja na mwaka mzima unaotangulia maombi, yeye 11 hiyo inashuka hadi mitano.

Dini sita zimetajwa kwa majina. Uislamu haumo. Mabishano yote yaliyofuata yanarudi kwenye orodha hiyo.

Kabla ya mabishano, tuwatazame wanaokusudiwa, maana wapo na shida zao ni za kweli. Majnu ka Tilla, kaskazini mwa Delhi, kuna makazi ya Wahindu waliotoka Pakistan, na Jodhpur kule Rajasthan wako wengine. Wengi wao waliingia kwa viza ya hija au ya kutembelea ndugu, wakabaki. Bila uraia mtu hapigi kura, ajira ya serikali hapati, na kila muda wa kibali ukikaribia kwisha anarudi kupanga foleni. Bengali Magharibi kuna Wamatua, Wahindu wa tabaka la chini, ambao wengi wao wana asili ya upande ambao leo ni Bangladesh. Wamedai uraia ulioandikwa kwa miaka mingi. Kamati ya bunge ilipowauliza watu wa usalama ni wangapi wangefaidika mara moja, jibu lilikuwa 31,313: Wahindu 25,447, Makalasinga 5,807, Wakristo 55, Mabuddha 2 na Waparsi 2. Hao ni waliokuwa wamejiandikisha kwa sababu ya kuteswa kidini na kupewa viza za muda mrefu. Kwa nchi ya watu zaidi ya bilioni moja, ni idadi ya mji mdogo. Nikiitazama namba hiyo najiuliza mwenyewe: vurugu yote ile ilitoka wapi?

Serikali ya Narendra Modi ilijitetea hivi. India iligawanywa mwaka 1947 kwa msingi wa dini. Aprili 1950 mawaziri wakuu wawili, Nehru wa India na Liaquat Ali Khan wa Pakistan, waliahidiana kwamba kila nchi itawalinda wachache wake. Kwa hoja ya serikali, upande wa pili haukutimiza, na Mhindu au Kalasinga anayeteswa huko hana pengine pa kukimbilia ila India. Waislamu katika nchi hizo tatu ndio wengi, na Uislamu umetajwa kwenye katiba zao, kwa hiyo hawawezi kuteswa kwa ajili ya dini yao. Na Mwislamu wa nje hajazuiwa kuomba kwa njia ya kawaida. Mfano uliorudiwa sana ni mwimbaji Adnan Sami, Mpakistani aliyepewa uraia wa India kuanzia Januari 2016.

Hoja ina uzito, ila ina matundu, na tundu kubwa ni Waahmadia. Hao hujiita Waislamu. Mwaka 1974 Pakistan ilibadilisha katiba yake ikatamka kuwa si Waislamu, na tangu hapo wamebanwa kwa sheria na kushambuliwa misikitini. Basi Muahmadia akikimbilia India, afanyeje? Pakistan inamwambia yeye si Mwislamu, na India haina jina lake kwenye orodha ya wasio Waislamu. Wako pia Wahazara wa Afghanistan, Mashia, ambao wamelipuliwa mashuleni na misikitini kwa sababu ya madhehebu yao. Watamil wa Sri Lanka, wengi wao Wahindu, hawamo kwa kuwa nchi yao haikutajwa, ingawa maelfu wameishi kwenye kambi za Tamil Nadu tangu miaka ya themanini. Warohingya wa Myanmar hawamo kwa nchi wala kwa dini. Na ukisema kigezo ni mgawanyiko wa 1947, Afghanistan inaingiaje? Haikuwa sehemu ya India ya Waingereza.

Mfano wa Adnan Sami nao haufiki mbali. Njia ya kawaida iko wazi kwa mgeni mwenye hati zake. Aliyevuka mpaka usiku, au viza yake imekwisha, ni mhamiaji haramu, na mlango wa kawaida kwake umepigwa kufuli na marekebisho ya 2003. "Isipokuwa" iliwekwa kwa ajili ya watu wa namna hiyo, na haimhusu aliye Mwislamu.

Mahakamani suala linakaa juu ya ibara ya 14 ya katiba: dola haitamnyima mtu yeyote usawa mbele ya sheria. Imeandikwa mtu, haikuandikwa raia, kwa hiyo na mgeni yumo. Usawa huo haukatazi serikali kupanga watu kwa makundi. Ikigawa nyavu kwa wavuvi tu, mkulima hana kesi. Majaji wa India huuliza mambo mawili: je, kundi limetengwa kwa alama inayoeleweka? Na je, alama hiyo inahusiana na lengo la sheria? Watetezi wanasema lengo ni kuwasaidia wachache wa nchi tatu, na orodha inawataja hao hao. Wapinzani wanasema kama lengo ni kumwokoa anayeteswa, basi ungeandika "anayeteswa" na kumpokea yeyote atakayethibitisha. Mimi naona hawa wa pili wana nguvu zaidi, kwa sababu ndogo ya kimaandishi: vifungu vya sheria hiyo havimtaki mwombaji athibitishe kuteswa. Kuteswa kumetajwa kwenye maelezo ya serikali na kwenye matangazo ya msamaha wa pasipoti ya 2015. Kwenye fomu, kinachothibitishwa ni dini.

Na inathibitishwaje? Kanuni zilitoka tarehe 11 Machi 2024, zaidi ya miaka minne baada ya sheria. Mwombaji anajaza fomu mtandaoni, anaonyesha karatasi yoyote ya nchi aliyotoka, anaonyesha karatasi ya kuwa aliingia kabla ya 2015, kisha analeta cheti kutoka taasisi ya jamii inayoheshimika hapo anapoishi, kinachosema huyu ni mwenzetu. Baadaye anaitwa mbele ya kamati ya wilaya, anakaguliwa na kula kiapo. Mwenyekiti wa kamati hiyo ni msimamizi wa Posta. Ndiyo, Posta ile ya barua na vifurushi. Posta ni ya serikali kuu, na majimbo kadhaa yalikuwa yametangaza kuwa hayatashiriki. Bunge la Kerala lilipitisha azimio la kutaka sheria ifutwe siku ya mwisho ya 2019. Cheti cha kwanza kilitolewa Delhi tarehe 15 Mei 2024, kwa watu 14.

Sasa nirudi kwenye swali langu la vurugu. Jibu liko Assam, jimbo la kaskazini mashariki linalopakana na Bangladesh. Huko serikali iliandaa daftari la raia, NRC, ambapo kila mkazi alitakiwa athibitishe kwa karatasi kwamba yeye au wazee wake walikuwepo kabla ya usiku wa 24 Machi 1971. Daftari la mwisho lilitoka tarehe 31 Agosti 2019, na watu 1,906,657 hawakuwamo. Bibi aliyeolewa akiwa binti mdogo, hajapata kwenda shule, jina lake limeandikwa kwa namna tatu kwenye karatasi tatu, anathibitishaje kuwa yeye ni mtoto wa fulani? Wako Waislamu waliokosekana, na wako Wahindu wengi vilevile. Wakati huohuo waziri wa mambo ya ndani, Amit Shah, alikuwa akieleza hadharani kwamba itatangulia sheria ya uraia, kisha daftari kama hilo litaandaliwa nchi nzima.

Unganisha mawili hayo uone. Daftari linawatoa watu nje bila kujali dini, na CAA inawarudisha ndani baadhi yao kwa kuangalia dini. Mhindu aliyekosa karatasi anaweza kujaribu kupita kwenye "isipokuwa". Mwislamu aliyekosa karatasi ile ile, kwa kosa lile lile la tahajia, hana pa kupita. Hofu ya Waislamu wa India haikuwa kwamba sheria inawanyang'anya uraia siku ile. Viongozi walirudia mara nyingi kuwa haimgusi raia yeyote, na kwa maandishi yake ni kweli. Hofu ilikuwa juu ya kuulizwa kesho "wewe ni raia?" Serikali ilikuja kusema haijaamua lolote kuhusu daftari la nchi nzima.

Wenyeji wa Assam nao waliandamana, tena mwanzo kabisa, na watu walipigwa risasi Guwahati. Lakini wao walipinga kwa sababu nyingine. Hawakutaka mhamiaji wa dini yoyote. Walihofia lugha na ardhi yao kumezwa na Wabengali, na mkataba wao wa 1985 na serikali kuu ulikuwa umeweka kikomo cha 1971. CAA ikakisogeza hadi 2014 kwa wasio Waislamu. Kwa hiyo ukisikia "wapinzani wa CAA", uliza kwanza wa wapi: wa Delhi aliona sheria imewaacha watu nje, wa Assam aliona imeingiza watu wengi mno. Maeneo kadhaa ya makabila ya kaskazini mashariki yaliondolewa kabisa kwenye sheria ili kuwatuliza.

Delhi ilikuwa na Shaheen Bagh. Kuanzia katikati ya Desemba 2019, wanawake wa mtaa huo wa Waislamu walikaa chini ya turubai katikati ya barabara kuu ya kuelekea Noida, usiku na mchana, kwenye baridi kali, mablanketi mabegani na watoto mapajani. Bibi wa miaka zaidi ya themanini walikuwa mbele. Walichosoma kwa pamoja ni utangulizi wa katiba, ule unaoanza "Sisi, watu wa India". Mwishoni mwa Februari 2020 ghasia zililipuka kaskazini mashariki mwa Delhi, watu 53 wakafa, wengi wao Waislamu. Tarehe 24 Machi korona ilikuwa imeingia, na polisi wakalibomoa turubai.

Mashauri zaidi ya 200 yamefunguliwa Mahakama ya Juu ya nchi hiyo. Machi 2024, kanuni zilipotoka, majaji waliombwa waisimamishe sheria kwanza. Hawakuisimamisha, wakaitaka serikali ijibu.

Septemba 2025 likaja jambo ambalo limewachanganya wengi. Serikali ilitoa amri ya kuwasamehe adhabu za uhamiaji watu wa dini zile zile sita kutoka nchi zile zile tatu, walioingia hadi mwisho wa 2024. Baadhi ya watu walitangaza kuwa CAA imeongezwa miaka kumi. Haikuongezwa. Amri ile inaruhusu kukaa. Kikomo cha uraia bado ni 2014. Kwa hiyo Kalasinga aliyetoroka Kabul baada ya Taliban kurudi Agosti 2021 hakamatwi, harudishwi, na hapewi uraia kwa sheria hii.