Je, wajua? Radi ikipiga ziwa, cheche hutambaa juu ya maji

Tulikuwa ukingoni mwa Ziwa Duluti, pale Tengeru, ngurumo zikianza upande wa Meru. Mwenye mtumbwi akauvuta nchi kavu bila kuambiwa na mtu. Mpwa wangu akauliza, "Mjomba, radi ikipiga humu, samaki si watakufa wote?" Nikamjibu kwa uhakika wote: watakufa, maana maji hupitisha umeme.

Nilikosea. Nililichukulia ziwa kama waya mnene. Kwenye waya mkondo wa umeme una njia moja tu, ulioingia huku sharti utokee kule. Ziwani hutawanyika pembeni na chini, kama nusu ya mpira inayozidi kuvimba. Radi ya kawaida hufika kilele cha ampea 30,000 hivi. Mita 1 kutoka ilipotua, mkondo huo umegawanywa kwenye eneo la mita za mraba 6 na ushee. Mita 10, zaidi ya 600. Umbali ukizidi mara 10, makali hupungua mara 100. Samaki aliye chini ya pigo ana taabu, lakini perege wa ng'ambo huenda asishtuke hata kidogo. (Hesabu hii hudai kina cha kutosha. Ziwa likiwa na kina kifupi na sakafu yake haipitishi umeme, mkondo hulazimika kwenda pembeni na hupungua polepole zaidi.)

Kisha nikakosea mara ya pili. Niliposikia kwamba umeme wa radi "hubaki juu ya maji", nikadhani basi chini hakuna kitu. Kumbe mkondo huzama kweli. Kinachoonekana juu ni jambo jingine: cheche zinazopita hewani zikiukwaruza uso wa maji, huku zikichipua matawi kama mizizi.

Kwa nini zisizame tu? Fikiria mlango wa soko la Kilombero asubuhi. Ndani nafasi ipo tele, ila mlangoni pamesongamana, wa nyuma wanasukuma, na wa pembeni wanaanza kuruka meza za nyanya. Maji yasiyo na chumvi hupitisha umeme kwa shida, hivyo msukumo wake, yaani volti, hurundikana pale pale radi ilipotua. Hewa ya juu yake huvumilia takriban volti milioni 3 kwa mita. Ikizidiwa, hupasuka na kuwa plazma, gesi ya moto inayopitisha umeme vizuri kuliko maji yenyewe.

Kuanzia hapo cheche huendelea kama mfongo, ule mfereji wa Wachagga unaoshusha maji ya mlimani hadi mashambani. Ukichimba hatua moja, maji hukufuata hadi kwenye jembe. Cheche nayo hubeba volti hadi nchani mwake, ncha hupasua hewa ya mbele, volti husogea tena. Ila mfongo huu unavuja: njia nzima mkondo unamwagikia majini, mpaka nchani pasibaki msukumo wa kupasua chochote. Matawi ya namna hii yana umaarufu wa zamani. Mwaka 1777 Mjerumani Georg Christoph Lichtenberg aliyaona yamejichora kwenye vumbi juu ya sahani ya utomvu mkavu.

Sasa ongeza chumvi. Mlango wa soko unapanuka, umeme unazama kwa urahisi, na cheche zinakuwa fupi. Kwa hoja hiyo, kwenye maji ya magadi ya maziwa ya Momella cheche zingetambaa umbali mfupi zaidi kuliko Duluti. Hiyo ni hoja, si kipimo: majaribio hufanywa kwenye mabeseni ya maabara, na beseni si ziwa.

Mwenye mtumbwi, yeye, hakukosea. Juu ya maji tambarare mtu aliyeketi mtumbwini ndiye kitu kirefu kuliko vyote vilivyo karibu, na anayeogelea kichwa chake kiko usawa ule ule cheche zinapopita.