Hati ya kiwanja si kibali cha ujenzi

Arusha, kuanzia Njiro hadi Muriet, utasikia: "Kiwanja changu, hati ninayo, nani atanizuia kujenga?" Imani hii ni ya siku nyingi, na si sahihi.

Hati inakupa haki ya kutumia ardhi kwa muda na matumizi yaliyoandikwa humo. Kibali cha ujenzi hutolewa na halmashauri ya jiji, na kinahusu jengo lenyewe. Michoro yako hupitiwa na maofisa wa fani mbalimbali, wakiwemo wa mipango miji, uhandisi na afya: nyumba imeachana kiasi gani na mpaka wa jirani na barabara, shimo la choo liko wapi, nguzo zinabeba ghorofa ngapi. Hati haijibu hata moja kati ya hayo.

Wapo wanaojitetea kwa kodi ya majengo inayokatwa kwenye LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla. Kodi ni kodi. Mita haikagui msingi.

Faini ya kujenga bila kibali nayo haihalalishi ukuta. Ukishailipa, bado unaweza kutakiwa kuleta michoro, kurekebisha au hata kubomoa. Fundi naye, tusifichane, akishalipwa chake hayumo kwenye kesi.