Kupanga Riwaya kwa Vipindi, kama Tamthilia ya Runinga

Waandishi wengi wanaoiga tamthilia za runinga huchukua kitu kimoja tu: kumwacha msomaji roho juu mwisho wa sura. Sura ya kwanza mlango unagongwa, ya pili simu inaita, ya tatu mtu anaanguka. Kufikia ya sita msomaji kachoka, maana maswali yanarundikana na hakuna hata moja lililojibiwa. Kipindi kilichosukwa vizuri hufunga swali dogo lililofunguliwa mwanzoni mwake, na katika kulifunga huligeuza swali kubwa la msimu mzima, yaani la riwaya yote.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mwanahawa, fundi cherehani wa Tanga, amefiwa na mumewe, na mashemeji wanataka kuiuza nyumba anayoishi. Swali la msimu: je, nyumba itabaki mikononi mwake? Swali la kipindi cha tatu ni dogo: hati iko wapi? Anaisaka, anazungushwa, mwishowe anaikuta kwenye begi la marehemu, chini ya mashati. Limejibiwa. Ila jina lililo kwenye hati ni la mwanamke asiyemjua. Hapo msomaji hatalala, na wala hajapunjwa.

Kwa hiyo, kabla ya sura ya kwanza, andika swali la msimu kwa sentensi moja pamoja na jibu lake. Jibu linaweza kubadilika baadaye, lakini anayeanza bila jibu hukwama karibu na kipindi cha tano na kuanza kuongeza wahusika wapya ili ajinasue.

Riwaya ya maneno 60,000 hugawika vizuri katika vipindi 10 vya maneno 6,000, kila kimoja kikiwa na matukio manane ya maneno 750 hivi. Hayo ni matukio 80, na kila tukio lina kadi yake: nani anataka nini, nani anamzuia, nini kimebadilika. Kadi isiyo na jibu la swali hilo la mwisho itupe, hata kama mazungumzo yake ni matamu.

Tumia kadi za rangi tatu. Kisa kikuu, nyumba, kipewe tano kati ya nane. Kisa cha pili, mwanagenzi anayeiba vitambaa, mbili. Cha tatu, deni la kikoba, moja. Zibandike ukutani. Rangi ikikosekana vipindi viwili mfululizo, msomaji ameshasahau kisa hicho. Visa vidogo navyo visitembee peke yao: vitambaa vilivyoibwa vilinunuliwa kwa mkopo wa kikoba, na mweka hazina wa kikoba ni wifi yake Mwanahawa. Kufikia kipindi cha saba vyote vitatu viwe vimegongana.

Katika runinga za kibiashara za Marekani, tamthilia ya saa moja huwa na takriban dakika 42 hadi 45 za hadithi; zilizobaki ni matangazo. Ndiyo maana waandishi wake huweka mgeuko kabla ya kila tangazo, mtazamaji asihamie kituo kingine. Kitabuni hakuna matangazo, lakini kuna daladala iliyofika kituoni. Weka mgeuko kila baada ya matukio mawili.

Yapo ya kuachia runinga. Muhtasari wa yaliyopita hauna kazi kitabuni, isipokuwa unachapisha kila wiki gazetini. Hapo sentensi moja kinywani mwa mhusika inatosha. Na usiandike kile tu ambacho kamera ingekiona. Runinga ina uso wa mwigizaji na muziki wa kubeba hofu; wewe una mawazo ya Mwanahawa, nayo yakikosekana sura hubaki majibizano matupu.

Rasimu ikikamilika, nakili aya ya mwisho ya kila kipindi kwenye ukurasa mmoja, uzisome zote kumi kwa mfululizo. Zikiwa tatu zinaishia kwa mgeni mlangoni, mbili zibadilishwe: moja iishie kwa uamuzi wa mhusika, nyingine kwa uongo ambao msomaji anaujua lakini Mwanahawa bado.